Foleni Iliyopinda kwenye Tangi

Wiki hii chuoni kwetu Thika wanapaka rangi. Fundi amepanda ngazi ukumbini anaandika majina ya viongozi wapya wa wanafunzi, na harufu ya rangi ya mafuta iliyochanganywa na tina ya kuilainisha imeshuka hadi darasani kwetu, ikanikuta nikisinzia kwa adabu kama kawaida. Wenzangu wakaanza kulalamika kichwa kinawauma. Mimi nikatoka, nikakaa nyuma ya jikoni, nikalia. Wasichana wawili walipita, wakaniona, wakaangua kicheko. Walidhani naigiza. Ukishajulikana kuwa wewe ni wa kuchekesha, hata msiba wako watu wanaungojea ufike mwisho wapate kucheka.

Najua, mtu wa miaka kumi na tisa akianza kusema "enzi zetu" anafaa kumwagiwa maji baridi. Lakini ninyi wa rika langu mnanielewa. Kidato cha nne kilikuwa juzi tu, na bado kiko mbali kuliko Mombasa.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, kule Ruiru, upande wa Gatongora, wavulana kwa wasichana. Jina langu Wambui lakini aliyelitumia ni mama yangu tu, na daftari la wachelewaji. Wengine wote waliniita Redio, kwa sababu nilikuwa sizimiki. Nilikuwa bingwa wa mchongoano, ule mchezo wa kutaniana kwa maneno makali, kuanzia kidato cha kwanza, na kama hukuwahi kuchongolewa na mimi basi ulikuwa umehamia juzi.

Niliketi dawati moja na Nekesa. Kama mimi nilikuwa redio, yeye alikuwa ukuta ambao redio imetundikwa. Alikuwa kimya, mrefu, na soksi zake zilifuliwa mpaka zikawa hazina rangi unayoweza kuitaja. Alikuwa pia bingwa wa kuchelewa. Mimi nilichelewa kwa sababu nalala. Yeye alichelewa kila siku, kwa dakika zilezile, kama ana ratiba. Sisi tumeshamaliza somo la alfajiri, mlango unafunguka kidogo, Nekesa anaingia akiwa na matope ya Kiuu kwenye viatu, ananukia uji na spiriti. Spiriti ile ya hospitali, ya kupanguza mtu kabla ya sindano.

"Nekesa, umejipaka marashi gani leo?" nilikuwa nauliza, darasa likacheka. "Wewe huchelewa mpaka kivuli chako kinakuja shule peke yake."

"Nilikuwa na kazi nyumbani," alikuwa akijibu, basi. Halafu anafungua kitabu.

Aliishi Kiuu na mama yake, chumba kimoja. Baba yake alikuwa amerudi kwao Bungoma na hakuwa amesema anarudi lini. Hayo ndiyo niliyoyajua. Sikuuliza zaidi, redio haiulizi, inatangaza.

Mwisho wa kidato cha tatu ulikuwa wakati wa kuchagua kiranja mkuu, ambaye sisi tulimwita kapteni. Hicho kilikuwa cheo, si mchezo. Kapteni alivaa sweta ya kijani wakati sisi wote tuko na ya maruni. Alikula meza ya viranja, ambako Ijumaa kulikuwa na nyama. Jina lake liliandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao mkubwa nje ya ofisi ya walimu, chini ya majina ya makapteni wote tangu shule ianze. Na kazi yake kubwa ilikuwa getini: kufika kabla ya kila mtu, kusimama na daftari, na kuandika wanaochelewa.

Naibu wa mwalimu mkuu, Deputi, hakuamini karatasi za kura. "Karatasi inaibiwa," alituambia paredini. "Lakini sijawahi kuona mtu ameiba foleni." Kwa hivyo tulipiga kura ya mlolongo. Wagombea wanasimama mbele ya uwanja, nawe unaenda kupanga foleni nyuma ya umtakaye, mchana kweupe, kila mtu akikuona.

Mgombea alikuwa mmoja tu wa maana. Mbugua. Baba yake alikuwa na kibanda cha nyama choma Kamakis, na Mbugua mwenyewe alipigwa pasi mpaka ungeweza kukata mkate kwa suruali yake. Deputi akauliza kama kuna jina lingine. Nikanyoosha mkono.

"Nekesa."

Uwanja mzima ulicheka. Bingwa wa kuchelewa awe mlinzi wa geti! Ulikuwa mchongoano bora kuliko yote niliyowahi kutunga, tena wa neno moja.

"Redio, huu ni mzaha?" Deputi aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Mzaha ni ile pasi ya Mbugua."

Nilitarajia Nekesa akatae. Angetikisa kichwa tu, tungecheka tena, tungeenda kula. Lakini aliniangalia kwa muda, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali, halafu akatembea mpaka mbele, akasimama kando ya Mbugua.

Kila mmoja alipewa dakika moja ya kuomba kura. Mbugua alisema "uwajibikaji" mara nne. Nekesa akasema, "Mimi huchelewa, mnanijua. Mkinichagua sitachelewa." Dakika yake ilikuwa imebaki karibu yote.

Nilikimbia nikawa wa kwanza kusimama nyuma yake. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, nikiwapungia wengine mkono, "Kujeni! Kujeni tuokoke na daftari!" Darasa letu likaja. Wachelewaji wa shule nzima wakaja, na ilikuwa shule ya wachelewaji. Halafu wale wadogo wa kidato cha kwanza wakaona kuwa upande wa Nekesa ndiko kulikuwa na kivuli cha madarasa, na Mbugua amesimama kwenye jua. Wakaja pia. Foleni ikarefuka, ikapita bendera, ikafika kwenye tangi la maji, ikakosa nafasi, ikapinda.

Deputi akamwambia Nekesa ageuke aone watu wake. Akageuka. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Nikaona akitafuta mwisho wa foleni kwa macho na kuukosa. Sikuwa nimewahi kuona meno yake yote. Siku hiyo niliyaona.

Siku ya kuvishwa sweta wazazi walialikwa. Fundi wa kuandika majina kwenye ubao alichelewa (hata yeye, nilisema, ni wa chama chetu) kwa hivyo wageni walifika jina la Nekesa likiwa bado bichi, linang'aa na kunuka. Mama yake alikuja amejifunga leso, amemshika Nekesa kiwiko. Nekesa akamleta mpaka kwenye ubao. Yule mama akanyoosha mkono, akagusa jina la mwanawe. Herufi ya kwanza akaivuruga kabisa, ikabaki alama ya kidole pale, mviringo wa dhahabu.

"Haiya!" nikasema, si kwa sauti ndogo. "Mama anabonyeza jina kama anachagua parachichi."

Waliokuwa karibu wakacheka. Nilidhani ni mama wa mashambani ambaye hajawahi kuona rangi. Nekesa alichukua pindo la sweta yake mpya ya kijani akampanguza kidole.

"Nani huyo anaongea?" mama akauliza.

"Ni Wambui, mama. Yule nilikwambia. Wa kwanza kwenye foleni."

Yule mama akanyoosha mikono miwili hewani mpaka nikampa wangu. Akaushika kwa nguvu. Alikuwa akiangalia mahali fulani nyuma ya sikio langu, na nikafikiri, huyu ana aibu, hawezi kumwangalia mtu usoni.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mungu akubariki, mwanangu. Huyu mtoto alikuwa ananiambia hana rafiki."

Nilirudi nyumbani na rangi ya dhahabu kiganjani. Haikutoka kwa sabuni. Mama yangu aliitoa kwa mafuta ya taa, akilalamika.

Mwaka wa kidato cha nne ukaanza, na mimi, siku ya kwanza kabisa, nikachelewa kwa raha zangu. Nilitembea pole pole kama mtalii. Si geti ni letu? Nikamkuta Nekesa amesimama, sweta imefungwa mpaka shingoni, daftari mkononi.

"Niaje, kapteni."

Akaanza kuandika.

"Nekesa. Ni mimi."

"Najua. Wambui, kidato cha nne."

"We! Si tulikuwa tunachelewa pamoja?"

"Nilisema sitachelewa," akajibu. "Umechelewa dakika kumi na mbili. Ingia uokote takataka upande wa choo."

Niliokota. Kila karatasi niliyookota niliipa jina lake. Cheo kimempanda kichwani, niliwaambia watu. Masikini akipata, na kadhalika. Nilimpa majina: Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Uji. Yalishika, kama yalivyoshika majina yangu yote. Watoto wa kidato cha kwanza walimpigia saluti ya kejeli akipita, na yeye aliipokea kama saluti ya kweli, anaitikia kwa kichwa.

Hakuchelewa hata mara moja. Lakini alikonda. Alianza kulala darasani, kalamu mkononi, ameketi wima kama mtu anayesali. Nilimchora masharubu mara moja akiwa amelala. Aliamka, akayapangusa, akafungua kitabu.

Halafu kulikuwa na Ijumaa moja. Viranja walikuwa wameketi kwenye meza yao na nyama yao. Nekesa akainuka na sahani yake akaja kuketi nami kwenye ngazi za maabara, pale nilipokuwa nakula githeri yangu, mahindi na maharagwe.

"Redio, nikuulize kitu. Lakini usinichekeshe."

"Uliza."

"Ile siku ya foleni. Mbona ulikuja kusimama nyuma yangu? Wa kwanza. Na hatukuwa tunaongea sana."

Nikatafuna polepole ili nipate muda.

"Mbona unauliza?"

"Nataka kumwambia Deputi nimeshindwa, ampatie Mbugua hiki kitu. Asubuhi iko na kazi nyumbani, na sasa natoka kabla haijaisha. Sina raha." Alikuwa anazungusha kipande cha nyama kwenye sahani. "Nikamwambia mama. Akakataa. Ati watu wakishakupangia foleni hadi ikapinda, huwezi kuwageuka. Mimi nikasema niulize kwanza. Wewe ndiye ulianza. Ukiniambia ilikuwa tu hivyo hivyo, naacha leo."

Hapo ndipo. Nimerudi kwenye ngazi hizo mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia somo lolote. Jibu lilikuwa mdomoni, pamoja na githeri. Nekesa, tulikuwa tunacheza. Maneno matatu. Angekasirika, labda angelia, angevua sweta, na kesho yake angechelewa kwa dakika zake zilezile.

Lakini alikuwa ananiangalia vile alivyoiangalia foleni. Hakuna mtu aliyewahi kuniangalia hivyo. Mimi watu huniangalia wakiwa tayari kucheka. Nilipenda. Ndio ukweli, nilipenda tu. Na pia niliogopa.

"Nilisimama kwa sababu hudanganyi," nikasema. "Hapa shuleni wewe tu ndio hudanganyi."

"Kweli?"

"Aki ya Mungu."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi," alisema. "Basi nitajikaza." Akakata nyama yake katikati, akaniwekea nusu kwenye githeri. Nikala.

Haikupita hata mwezi. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile ya Ruiru ya ukungu, na tulikuwa wachelewaji kama wanane getini. Nilikuwa mbele, natoa hoja zangu.

"Kapteni, saa yako iko mbele. Hata jogoo wa kwetu alikuwa bado anapiga mswaki."

"Umechelewa dakika nane," akasema, akaanza kuandika jina langu.

Hapo ndipo nikamwona mwanamke anakuja mbio kutoka upande wa barabara. Alikuwa amevaa sandali mbili zisizofanana na mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko.

"Ona, na mzazi pia amechelewa!" nikapaza sauti. "Kapteni, mwandike!"

Wote wanane walicheka. Nekesa akainua macho. Sijawahi kuona rangi ikitoka kwenye uso wa mtu kwa haraka hivyo.

"Nekesa," yule mwanamke akasema. Alikuwa amepotelewa na pumzi. "Kuja nyumbani, mama."

"Amekunywa uji?" Nekesa akauliza.

Mwanamke akaanza kujipangusa unga mikononi.

"Mama Njoki, amekunywa uji?"

Nakumbuka nilichofikiri, na ninakiandika kwa sababu nimejiahidi kutojipunguzia lawama. Nilifikiri: haya, huyu naye, mtu amekuja mbio vile, yeye anauliza uji.

Nekesa akanisukumia daftari na kalamu kifuani. "Shika," alisema. Akakimbia. Wachelewaji wengine wakaona geti halina mtu, wakaingia wakishangilia. Mimi nikabaki pale nimeshika daftari. Mstari wa mwisho ulikuwa umeandikwa "Wambu."

Mambo yote niliyaelewa kwenye matanga, Kiuu, nikiwa nimesimama nje ya kile chumba na wenzangu wa darasa, Mama Njoki akimweleza Deputi kana kwamba anajitetea mahakamani. Alikuwa jirani yao, muuza mandazi.

Mama Nekesa alikuwa na ugonjwa wa sukari, na sukari ilikuwa imemla macho. Hakuweza kuona mistari ya sindano. Kila asubuhi Nekesa ndiye aliyepima dawa, akampanguza kwa spiriti, akamdunga, halafu akapika uji na kuketi mbele yake mpaka bakuli likaisha, kwa sababu sindano ile ukiichoma na usile, inakuangusha. Ndiyo ile kazi ya nyumbani. Ndizo zile dakika ambazo hazikubadilika. Alipokuwa kapteni alimdunga mapema zaidi, akaacha uji kwenye chupa ya chai, na Mama Njoki akaahidi kuingia kila asubuhi kuhakikisha umenywewa.

"Siku hiyo wateja walikuwa wengi," Mama Njoki alikuwa akisema. "Nikasema nimalize hii karai moja tu. Nilichelewa kidogo tu, mwalimu. Kidogo tu." Mikono yake ilikuwa safi sasa na hakujua pa kuiweka. "Chupa nilikuta imejaa."

Nekesa alikuwa ameketi ndani, kitandani, na sweta ya kijani. Nadhani hakuwa na nyingine. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wanampa mkono. Nilikuwa nimekuja na ile sentensi yangu. Niliifanyia mazoezi njia nzima. Nilipofika kwake nikapiga magoti, kwa sababu hakukuwa na kiti.

"Nekesa. Ile siku ya foleni—"

"Alikuwa anaisimulia kila mtu," akanikatiza. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hata muuza sukuma wiki. Kila jioni ananiuliza, ati ilikuwa ndefu namna gani? Namwambia. Anacheka. Kesho anauliza tena." Akanishika mkono kama vile mama yake alivyonishika. "Asubuhi ile alinifukuza. Nilitaka kungoja anywe. Akasema nenda, nitakunywa mwenyewe, kapteni hachelewi." Akaukaza mkono wangu. "Redio, ilikuwa ndefu, si ndiyo? Mimi sikuona mwisho."

Sentensi yangu ikafia hapo.

"Ilipita bendera," nikasema. "Ikafika kwenye tangi la maji. Ikapinda."

"Ikapinda."

"Ikapinda, aki."

Mwili ulisafirishwa Bungoma, na Nekesa akaenda nao. Hakurudi. Mtihani wa mwisho aliufanyia huko kwao.

Mbugua akawa kapteni, na sitasema ubaya wake. Alilia paredini siku aliyovishwa sweta, na pasi ikaharibika. Fundi wa rangi akaletwa tena aandike jina lake. Mimi nilikuwa nafagia hapo varandani, adhabu ya kuchelewa. Fundi akaona ile alama ya kidole kwenye jina lililo juu.

"Dada, nani alichafua hapa? Ngoja nipake upya, inaaibisha kazi yangu."

"Wacha," nikasema.

"Ni tina kidogo tu."

"Wacha, fundi. Tafadhali." Nadhani lilikuwa neno la kwanza nililowahi kusema katika shule ile ambalo halikuwa na mchezo ndani yake, kwa sababu fundi alinitazama, akarudisha kitambaa mfukoni. Jina la Mbugua aliliandika chini yake, akiacha nafasi.

Nekesa hunitumia ujumbe wa sauti mara moja moja. Anafundisha watoto wa chekechea huko kijijini, na anacheka sasa, kidogo. Mwezi uliopita nilimpigia simu, nikamwambia chuo chetu kinachagua viongozi, na kwamba wamenitaka niwapigie kampeni kwa vile nachekesha, nikakataa. Hakuuliza sababu. Aliniuliza lile swali lake, kama anavyouliza kila tunapoongea, na nikasikia nyuma yake watoto wakipiga kelele, naye akiwanyamazisha wasikie.

Nikamjibu. Ilipita bendera, ikafika kwenye tangi, ikapinda. Hiyo sehemu ni kweli, kwa hivyo hiyo naweza kumpa kila akiomba. Ile nyingine sijaweza. Nimewapa ninyi.